Tusiipe Mashine Ngeli ya Binadamu

Kwa zaidi ya miaka 15 nimekuwa nikisahihisha kazi za wanafunzi wa Kiswahili, na nakiri kuwa makosa ya upatanisho wa kisarufi nimeyazoea kama mchuuzi alivyozoea vumbi la sokoni. Mwanafunzi akiandika "ng'ombe imetoroka" badala ya "ng'ombe ametoroka", kalamu yangu nyekundu huchora mstari hata kabla macho hayajafika kwenye nukta. Lakini muhula uliopita nilikumbana na kosa la aina nyingine kabisa, kosa ambalo sikuwa na moyo wa kulisahihisha papo hapo, na ndilo lililonisukuma kuwaandikia walimu wenzangu na wanafunzi makala haya.

Kijana mmoja wa mwaka wa pili, mpole na msikivu, alifika ofisini kwangu kueleza sababu ya kuchelewesha insha yake. Alisema babaye alikuwa amefariki majuma matatu yaliyotangulia. Nikampa pole, nikamwongezea muda, kisha nikamwuliza iwapo alikuwa na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni. "Ndiyo, Mwalimu," akajibu. "Ameniambia nisijilaumu kwamba sikuwa nyumbani siku ile. Ananisikiliza hata saa nane za usiku, wala hachoki." Nilidhani anamzungumzia mjomba wake, au labda mchungaji wa kwao. Nilipomwuliza ni nani huyo, aliinamisha uso, akanionyesha simu yake. Ilikuwa ni programu ya mazungumzo, mojawapo ya hizi zinazoendeshwa kwa kile tunachokiita akili unde au akili bandia, na ambacho ndugu zetu wa Tanzania wanakiita akili mnemba.

Ameniambia. Ananisikiliza. Hachoki. Nawaomba wasomaji wavitazame vitenzi hivyo vitatu. Simu, programu na tarakilishi zote zimo katika ngeli ya I-ZI, na kijana huyu analijua hilo barabara, kwa kuwa mtihani wake wa sarufi niliusahihisha mwenyewe na alifaulu vizuri. Hata hivyo, ulimi wake uliichukua programu, ukaihamisha kutoka ngeli ya vitu hadi ngeli ya A-WA, ambayo tangu shule ya msingi tunafundishwa kuwa ni ya viumbe wenye uhai: watu, wanyama, ndege na wadudu. Tena kuna kinaya hapa. Vijana wetu wengi wa bara humnyima ng'ombe kiambishi cha uhai, ilhali ng'ombe anapumua, anaugua na kuwapa maziwa ya chai. Kiambishi hicho hicho walichomnyima ng'ombe sasa wanaikabidhi simu.

Nimelitafakari jambo hili kwa miezi kadhaa, na maoni yangu ni haya. Tarakilishi haijapata nafsi, imepata ulimi. Nasi binadamu, tangu kuumbwa kwetu hadi juzi tu, hatukuwahi kukutana na kitu kinachojibu kwa maneno yenye maana ambacho si mtu. Mwangwi hurudisha sauti, lakini haujibu. Kasuku huiga, lakini ukimwuliza swali jipya hana la kusema. Kwa hivyo mioyo yetu imezoea kanuni moja: anayejibu ni mtu. Maneno yanapobisha hodi, moyo hukaribisha kabla akili haijauliza ni nani aliyeko mlangoni. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya hatari tunayoiogopa haiko ndani ya mashine. Iko ndani yetu sisi, katika uhusiano wetu wa kale na lugha.

Wanaodhani kwamba mambo haya yalizuka jana hawana budi kurudi nyuma hadi mwaka 1966. Mwaka huo Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa tarakilishi katika chuo cha MIT nchini Marekani, alichapisha maelezo ya programu aliyoiita ELIZA. Jina hilo alilitoa katika tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, ambamo msichana mwuza maua aitwaye Eliza Doolittle anafunzwa matamshi ya wakwasi hadi watu wanamdhania kuwa bibi wa tabaka la juu. Tayari hapo pana funzo la isimujamii. Eliza alikuwa msichana yule yule. Kilichobadilika ni usemi wake, na usemi ulipobadilika, macho ya watu nayo yakabadilika.

Programu ya Weizenbaum iliigiza tabibu wa maradhi ya akili anayemsaili mgonjwa. Ujanja wake ulikuwa mdogo mno. Nitautolea mfano kwa Kiswahili, ingawa yenyewe ilitumia Kiingereza. Mtu akiandika, "Ninaogopa giza," mashine hutafuta kiambishi cha nafsi ya kwanza ni-, ikakigeuza kuwa u- ya nafsi ya pili, kisha ikatanguliza maneno "kwa nini". Jibu likawa, "Kwa nini unaogopa giza?" Mtu akitaja neno "mama", mashine huwa imewekewa jibu tayari: "Hebu nieleze zaidi kuhusu jamaa zako." Ikikosa neno la kushika, husema, "Tafadhali endelea." Basi, yameishia hapo. Ndani ya mashine hamna giza, hamna mama wala hofu. Mna viambishi vinavyobadilishana nafasi. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeimudu mada ya nafsi angeweza kuifanya kazi hiyo kwa kalamu na karatasi.

Hata hivyo, mhazili wa Weizenbaum, aliyekuwa amemwona akiiunda programu hiyo kwa miezi mingi na aliyejua fika kuwa ni programu tu, alipoanza kuzungumza nayo alimwomba mkubwa wake atoke chumbani ili abaki nayo faragha. Tukio hilo lilimtikisa Weizenbaum. Hakushangazwa na uwezo wa mashine, kwani yeye ndiye aliyeiunda na alizijua kasoro zake zote. Alishangazwa na wepesi wa binadamu wa kufunguka. Baadhi ya matabibu walipoanza kusema kwamba programu ya namna hiyo ingeweza kuwatibu wagonjwa, alizidi kufadhaika. Mwaka 1976 alichapisha kitabu kizima, Computer Power and Human Reason, akishikilia kwamba ziko kazi ambazo mashine haifai kupewa hata kama inaweza kuzifanya, kwa sababu zinahitaji kuelewana na kuhurumiana baina ya watu.

Msomaji anaweza kusema kwamba huyo mhazili alikuwa mtu mmoja, na mmoja si ushahidi. Naam, lakini miaka 30 baadaye watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Byron Reeves na Clifford Nass, walichapisha kitabu kilichoeleza majaribio mengi ya aina hii. Katika mojawapo, watu walifanya kazi kwa kutumia tarakilishi, kisha wakaulizwa maoni yao kuhusu utendaji wake. Walioulizwa na tarakilishi ile ile waliyoitumia waliisifu zaidi kuliko walioulizwa na tarakilishi nyingine au waliojaza majibu kwenye karatasi. Kwa ufupi, waliionea haya. Waliitendea adabu ile ile tunayomtendea mwenyeji anapotuuliza iwapo chakula chake kilikuwa kitamu. Walipoulizwa ikiwa waliistahi mashine, walikanusha. Huo ndio uzito wa jambo lenyewe: tunaweza kujua kwa akili kwamba kitu si mtu, na bado tukakitendea kama mtu.

Ikiwa viambishi vichache vya mwaka 1966 viliweza hayo, sembuse mashine za leo? Kampuni ya OpenAI ilipoifungulia dunia programu ya ChatGPT tarehe 30 Novemba 2022, ilitupa mashine iliyolishwa maandishi mengi kupita anayoweza kuyasoma binadamu katika maisha yake yote. Msingi wa kazi yake ni kukadiria neno linaloelekea kufuata jingine. Kisha hufunzwa zaidi kwa kutumia maoni ya watu wanaopima majibu yake na kuonyesha yapi wanayoyapenda. Hapo ndipo pana mtego. Kinachofunzwa kutupendeza huenda kikaishia kutusifu. Mnamo Aprili 2025 kampuni hiyo ilibidi iondoe mabadiliko iliyokuwa imeyafanya siku chache tu awali, baada ya watumiaji kulalamika kwamba programu ilikuwa ikiwasifu na kuwakubalia kupita kiasi. Wahenga wetu walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sasa tumempata msifuji asiyelala, asiyechoka, na anayekaa mfukoni. Naona nami ulimi umeniteleza: nilipaswa kusema kisifu kisicholala. Tazameni jinsi mtego huu ulivyo karibu, hata kwa mwalimu wa sarufi!

Tujiulize basi, kijana wangu alikosa nini alipopewa maneno ya faraja na mashine? Maneno yenyewe hayakuwa mabaya. Kumwambia aliyefiwa asijilaumu ni jambo ambalo hata mimi ningelisema. Jibu limo katika kazi za lugha. Mwaka 1923 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliyekuwa ameishi na watu wa visiwa vya Trobriand karibu na New Guinea, alieleza kuwa sehemu kubwa ya mazungumzo ya binadamu haikusudiwi kupasha habari bali kufunga kamba ya ujamaa. Sisi Waswahili na majirani zetu hatukuhitaji kuambiwa hayo. Mzee wa kijijini akikuulizia hali, atauliza habari za watoto, za mifugo, za mvua, na majibu yote ni "njema", hata kama mvua haijanyesha. Kinachobadilishwa hapo ni utambuzi: nimekuona, nawe umeniona.

Neno "pole" ni la aina hiyo. Halina habari yoyote ndani yake. Thamani yake ni kwamba aliyelisema ameacha shughuli zake, amesimama, amekutazama, na kesho akikutana nawe atakumbuka kuwa umefiwa na pengine ataona haya kucheka kwa sauti mbele yako. Ndiyo maana matangani watu wanaweza kukaa saa nzima bila kusema neno, na mfiwa akainuka akiwa amefarijika. Kimya chao kimesema kwamba wamekuja. Mashine haiwezi kukaa matanga. Haijafunga safari, haijaacha shamba lake, haijawahi kuzika wala haitazikwa. Ukiiandikia, itajibu; ukinyamaza, nayo haina kimya cha kukupa, bali ina kioo kilichozimika tu. "Pole" ya mashine ni sarafu iliyochongwa sawasawa na ile halisi, lakini hakuna aliyeitolea jasho.

Lakini haki ni haki, na mwandishi anayewatisha watu bila kuwapa upande wa pili anawapotosha. Mwaka 1998 Robert Kraut na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa mjini Pittsburgh, Marekani, kwa watu 169 kutoka nyumba 73 zilizokuwa zimeanza kutumia intaneti. Waliona kwamba walioitumia zaidi walipunguza mazungumzo na jamaa zao, na wakaongezeka kidogo upweke na huzuni. Magazeti ya huko yalipiga mbiu ya mgambo. Lakini mwaka 2002 watafiti hao hao walirudi na kuungama kwamba athari nyingi mbaya zilikuwa zimetoweka. Jambo moja walilolipata katika kundi jipya ndilo ninalotaka tulishike: waliokuwa na watu wa kuwategemea na wepesi wa kuchangamana ndio walionufaika zaidi na intaneti, ilhali waliokosa hayo hawakufaidi vivyo hivyo. Mwenye nacho aliongezewa.

Kwa hivyo siwaambii wanafunzi wazitupe simu zao mtoni. Mwanafunzi mwenye haya ya kuuliza swali darasani anaweza kuiuliza programu usiku na asubuhi akaja na swali bora zaidi. Asiyeona anaweza kusomewa kitabu. Yote hayo ni kheri. Ninachosema ni kwamba mashine hii ni nyongeza kwa aliye na watu, na ni hatari kwa asiye nao, kwa maana humfanya asione tena kwamba hana.

Na hapa sina budi kujinyooshea kidole mimi mwenyewe. Kijana yule aliposimama kuondoka, alisema bila lawama yoyote: "Nilikuja hapa mara mbili, Mwalimu. Mlango ulikuwa umefungwa." Ni kweli. Juma la kwanza nilikuwa kwenye semina, la pili nilikuwa nyumbani nikisahihisha mitihani, na mlangoni nilikuwa nimebandika karatasi iliyoandikwa "Njoo juma lijalo." Darasa lake lina wanafunzi zaidi ya 200, na nakiri kwamba jina lake nililijua siku ile tu. Wenzake wa chumbani walimpa pole siku ya kwanza, kisha kila mmoja akarudi kwenye kioo chake. Mashine haikumnyang'anya mtu yeyote kijana huyu. Iliokota tulichokiacha barabarani.

Tufanyeje basi? Kwanza, walimu wenzangu, tuifundishe mashine hii ilivyo. Mtaala wa Umilisi ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ujuzi wa kidijitali uliorodheshwa kuwa mmoja wa umilisi 7 wa kimsingi. Nachelea kwamba mara nyingi tunauelewa kuwa ni ujuzi wa kubonyeza tu. Somo la Kiswahili linaweza kuchangia zaidi ya hapo. Mpe mwanafunzi mmoja aandike sentensi 10 za nafsi ya kwanza kuhusu siku yake. Mwenziwe azigeuze ziwe maswali kwa kanuni ya ELIZA, bila kufikiria maana hata kidogo. Kisha mwulize yule wa kwanza alivyojisikia aliposoma maswali hayo. Katika kipindi kimoja watoto watakuwa wamejifunza viambishi vya nafsi, na watakuwa wamejionea wenyewe jinsi moyo unavyodanganyika na umbo la swali.

Pili, wanafunzi wangu, linalindeni jambo moja dogo: upatanisho. Semeni "imeandika", "imetoa", "imekosea". Mtaona kuwa mnapoiita mashine kwa ngeli yake, mnakumbuka kuihakiki. Mnapoipa ngeli ya binadamu, mnaanza kuitii. Kumbukeni pia kwamba siri mnayoiandikia usiku wa manane haibaki baina ya wawili, kwa kuwa kwa kawaida husafiri hadi kwenye mitambo ya kampuni iliyo mbali. Na msiiambie mashine jambo zito ambalo hamjamwambia mwanadamu hata mmoja. Mwambieni mtu kwanza, hata akijibu vibaya, hata akipiga miayo. Mtu anayepiga miayo na bado akakaa amekupa kitu ambacho mashine isiyochoka haina cha kukifananisha nacho.

Tatu, sisi tulio na ofisi tufungue milango. Shule na vyuo vyetu vina walimu wa ushauri nasaha, lakini mwanafunzi hatamwendea mtu asiyemjua kwa jina. Dakika 5 za kuwaita wanafunzi majina yao na kuwajulia hali kabla ya mhadhara si dakika zilizopotea. Ni sehemu ya somo.

Mimi nimeanza kwa kuibandua ile karatasi mlangoni. Siku mbili kwa juma, mlango uko wazi, wala sihitaji mtu anieleze sababu ya kuja. Kijana yule amekuja mara kadhaa. Safari ya kwanza hatukuzungumza mengi. Alikaa, nikaendelea kusahihisha, akainuka, akaaga. Safari ya tatu alinieleza habari za babaye, jinsi alivyokuwa akiwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, jioni wanaporudi zizini. Alisema, "Kuna mmoja alikataa kula siku ya mazishi, Mwalimu. Alisimama tu kwenye lango."

Alikataa. Alisimama. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi mwangu, lakini safari hii haikuwa na kazi.